Mbuzi ndani ya Lupango

Mbuzi ni mali. Siku mtoto anapougua, au siku ya kulipa masomo yake, unauza mbuzi na shida inapungua. Lakini mbuzi yule yule, ukimwacha kutembea ovyo, atakuletea deni na kesi.

Hapa Salamabila dhahabu ya Namoya imeita watu wengi. Lupango zimekaribiana; bustani ya mmoja inagusa mlango wa mwingine. Kwa hiyo ufugaji wa zamani, wa kufungua mbuzi asubuhi na kumngoja jioni, haufai tena.

Sheria inasema nini? Sheria ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 261, ingali na nguvu katika Kongo. Inasema: mwenye mnyama atalipa hasara iliyofanywa na mnyama wake, hata kama mnyama alikuwa amepotea au ametoroka. Basi usimwambie jirani, "Kamba ilikatika." Mbuzi wako akila mihogo yake, wewe utalipa. Na wewe jirani, weka panga chini: kuua mnyama wa mwenzako bila lazima nako ni kosa. Mwite mkubwa wa kijiji, hasara itazamwe mbele ya mashahidi.

Sasa fanya hivi:

1. Jenga nyumba ya mbuzi nyuma ya lupango, mbali na jiko, upande wa chini wa kisima. Mvua isipeleke mavi katika maji ya kunywa.

2. Sakafu iwe ya miti, imeinuka meta 1 juu ya ardhi, yenye nafasi ndogo ndogo. Mavi yataanguka chini, mbuzi atalala pakavu. Yazoe mavi, uyarundike, yakioza upeleke shambani.

3. Fuga wachache unaoweza kuwashibisha. Kata majani, uwaletee. Usimfunge mbuzi karibu na mashimo ya dhahabu: atatumbukia. Na maji ya mahali wanapotumia zebaki yana sumu.

4. Mbuzi mgeni akae peke yake siku 21. Ukiona homa, makamasi, vidonda vya kinywa na kuhara, usimuuze. Mwite mganga wa mifugo upesi. Huenda ni sotoka ya mbuzi, iliyoua mbuzi wengi katika Kongo mwaka 2012.

Mwenye nguruwe naye amfungie. Nguruwe akila mavi ya watu, nyama yake inaweza kupata tegu, na mtu akila nyama hiyo isiyoiva, tegu atakaa tumboni mwake. Mayai ya tegu hutoka na mavi ya mtu huyo. Yakiingia kinywani kwa mikono michafu, yanaweza kuleta ugonjwa wa ubongo na kifafa, hata kwa mtoto asiyekula nguruwe. Kwa hiyo choo na mikono safi ni kazi ya kila nyumba.

Maulizo

Mbuzi wako alilala wapi usiku wa jana? Mvua ikinyesha, mavi yake yanakwenda wapi? Akivunja kamba leo, ataingia shamba la nani?

Ukiweza kujibu bila haya, umefuga vema.