Nani Husimamia Lishe ya Taifa?

Somo kwa vikundi vya masomo vya vyama vya msingi

Shabaha ya somo

Katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, wanachama hudai hesabu: kilo ngapi zimepokewa ghalani, fedha kiasi gani zimelipwa, magunia mangapi yamepungua na kwa sababu gani. Mwanachama asiyeweza kufuata hesabu hizo hawezi kuisimamia kamati yake. Ndivyo ilivyo katika lishe. Serikali ya Tanzania inayo sheria, taasisi, mipango na fungu la fedha kwa ajili ya lishe ya wananchi. Somo hili laeleza vyombo hivyo na kazi zake, kisha laonyesha mahali ambapo usimamizi hauna budi kufika ili umfae mtoto wa mkulima.

Sheria na vyombo

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 1973, ikaanza kazi mwaka 1974. Ilipewa wajibu wa kufanya utafiti wa chakula na lishe, kutoa elimu na mafunzo, na kuishauri Serikali. Sera ya Chakula na Lishe ilitolewa mwaka 1992.

Taasisi hiyo iko chini ya wizara yenye dhamana ya afya. Lakini afya ya mtoto hutegemea pia kilimo, maji, elimu, viwanda na tawala za mikoa, na hakuna wizara moja iwezayo kuziamuru nyingine. Kwa sababu hiyo uratibu wa ngazi ya juu uliwekwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Mpango wa Taifa unaozijumuisha sekta hizo ulianza mwaka 2016/17, ukafuatiwa na wa pili wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Katika halmashauri yupo Afisa Lishe, na ipo Kamati ya Lishe inayokutanisha wakuu wa idara.

Utafiti una faida gani?

Yafaa kutazama mifano miwili. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika Wilaya ya Tarime walipooza miguu kwa ghafla, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Ugonjwa huo huitwa konzo, na miguu iliyopooza hairudi kuwa kama zamani. Utafiti ulionyesha uhusiano wake na ulaji wa muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha. Muhogo huo una sumu ya sianidi, na ukame huizidisha. Njaa nayo huwafanya watu wapunguze siku za kuuvundika na kuuanika. Bila utafiti, lawama ingeweza kuangukia uchawi au muhogo wenyewe, ambao ndio uliokuwa akiba ya watu wakati mahindi yalipokauka. Utafiti uliweka lawama mahali pake: katika siku zilizopunguzwa.

Mfano wa pili ni rovu. Katika nyanda za juu, mvua za miaka mingi zimeosha madini joto kutoka katika udongo, hata mazao ya huko huwa na upungufu wa madini hayo. Baada ya uchunguzi kuonyesha ukubwa wa tatizo, kanuni za miaka ya 1990 ziliwataka wenye viwanda na mashamba ya chumvi kuitia madini joto. Hapa uchunguzi ulizaa kanuni, na kanuni ikahitaji mkaguzi. Mnyororo huo ukikatika mahali popote, rovu hurudi.

Mzani wa kijiji, Iringa

Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa lishe katika Mkoa wa Iringa, kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na kwa msaada wa fedha kutoka Italia. Ulianza na vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito hadharani, na matokeo yakajadiliwa na uongozi wa kijiji kabla ya kupelekwa wilayani. Wanakijiji walitafuta sababu, wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena.

Majadiliano hayo yalidhihirisha kwamba upungufu wa chakula ni sababu mojawapo tu. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Hahitaji sahani kubwa mara mbili kwa siku, ahitaji kulishwa kidogo kidogo mara nyingi. Mama anayeshinda shambani toka alfajiri hadi jioni hana nafasi ya kufanya hivyo. Kwa hiyo vijiji vilianzisha vituo vya kulelea watoto mchana. Mpango ulipoanza, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu; kufikia mwaka 1988 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 40.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Uzito pungufu waweza kutokea kwa muda mfupi. Udumavu, yaani kimo kilicho kifupi kuliko umri, huonyesha upungufu wa muda mrefu. Hujengeka hasa katika siku 1,000 za kwanza, toka mimba hadi mtoto atimizapo miaka miwili, na huathiri pia ukuaji wa akili. Mwaka 1991/92 takriban nusu ya watoto wa Tanzania walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30. Hayo ni maendeleo makubwa.

Hata hivyo uchunguzi huo ulikuta kwamba mikoa iliyoongoza kwa udumavu ni Iringa, takriban asilimia 57, ikifuatwa na Njombe na Rukwa, takriban asilimia 50 kila mmoja. Hii ni mikoa inayolilisha taifa mahindi. Wingi wa mahindi, basi, hauthibitishi lishe bora. Ugali pekee haumpi mtoto protini, vitamini na madini ya kutosha. Na maharage, maziwa, mayai yakiuzwa yote, fedha huingia nyumbani lakini si lazima irudi mezani.

Fedha na mkataba

Mwezi Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe na Serikali Kuu. Halmashauri zilitakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na utekelezaji upimwe kwa vipindi. Sehemu ya mapato ya halmashauri ni ushuru wa mazao, unaotokana na jasho la mkulima yule yule. Mwanachama anayo haki kamili ya kumwuliza diwani wake: fedha iliyotengwa ilitolewa? Ilifanya nini?

Nafasi ya chama cha msingi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la uzito na kimo vya watoto ni la kijiji kabla ya kuwa la wizara. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo mwaka, na chama chaweza kuomba taarifa yake isomwe katika mkutano.

Mambo mengine yamo mikononi mwa chama chenyewe. La kwanza ni ghala. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota katika nafaka isiyokauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Tangu 2019 usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila uchanja. La pili ni mashine ya kusaga. Kanuni za mwaka 2011 ziliviagiza viwanda kuongeza virutubishi katika unga, lakini unga mwingi wa vijijini husagwa katika mashine ndogo zisizofikiwa na kazi hiyo. La tatu ni kalenda ya kazi: mikutano na mapokezi ya mazao yapangwe kwa namna isiyomfunga mama mwenye mtoto mchanga mchana kutwa.

Maswali ya majadiliano

1. Watoto wangapi walipimwa kijijini katika robo iliyopita, na wangapi walikuwa wamedumaa? Nani analo daftari hilo?
2. Halmashauri ilitenga kiasi gani kwa lishe mwaka huu, na ilitoa kiasi gani?
3. Katika msimu wa kazi nyingi, nani huwalisha watoto mchana?
4. Nafaka hukaushwa vipi kabla ya kupokewa ghalani? Nani hukagua?
5. Ni mazao gani ambayo kila kaya ya mwanachama ingefaa kuyabakiza nyumbani kabla ya kuuza?

Kila kikundi kiandike majibu na kumkabidhi katibu wa chama, ili yaingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao.