Gari Likilia Unapokanyaga Mafuta: Usikubali Giaboksi Ifunguliwe Kwanza

Gari lililokuwa kimya linaanza kutoa mlio mwembamba kila unapokanyaga mafuta, kama mbu aliyejifungia ndani ya boneti. Ukiachia pedeli unashuka, ukikanyaga tena unapanda. Mara nyingi jibu la haraka la gereji ni kwamba giaboksi imekufa, na mwenye gari anajikuta ananunua giaboksi ya mtumba kwa tatizo ambalo huenda ni beringi moja ya puli. Kipo kipimo cha dakika chache kisichogharimu kitu. Kifanye kabla hujamkabidhi mtu ufunguo.

Unachotafuta ni jambo moja: mlio unafuata mzunguko wa injini, au unafuata mwendo wa magurudumu?

Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka gia kwenye P, au frii kama gari ni la manyuali. Kanyaga mafuta taratibu mpaka mshale ufike mizunguko 2,500 hivi kwa dakika. Mlio ukitokea gari likiwa limesimama, achana na magurudumu na difu. Usiposikia kitu, nenda barabara tambarare isiyo na magari, fika kilomita 50 kwa saa, kisha peleka gia frii kwa sekunde chache. Usizime injini, maana stelingi itakuwa nzito na breki zitapoteza msaada wake. Mlio ukiendelea na kufifia tu kadiri gari linavyopunguza mwendo, chunguza beringi za magurudumu, difu na tairi. Ukikatika palepale, basi kuna gia inayolalamika ikibeba mzigo, ndani ya giaboksi au ndani ya difu.

Tuseme unalia gari likiwa limesimama. Hapo anza na fenibelti na vyote inavyovizungusha: altaneta, pampu ya stelingi, kompresa ya kiyoyozi, kwenye magari mengi wota pampu pia, pamoja na puli za kukazia mkanda. Zungusha usukani hadi karibu na mwisho. Mlio ukiongezeka, fungua kikopo cha haidroliki ya stelingi: ikiwa imepungua, tafuta panapovuja, ikiwa na povu, hewa imeingia kwenye mfumo. (Magari mengi ya siku hizi yana stelingi ya umeme, hayana kikopo hicho.) Kisha washa taa kubwa, feni na kiyoyozi kwa pamoja. Mlio ukibadilika, altaneta na kompresa ndizo za kuchunguzwa. Mita ikiwekwa kwenye betri injini ikiwa inanguruma, kawaida isome kati ya volti 13.8 na 14.5.

Mkanda wenyewe una kipimo chake. Nyunyizia maji kidogo upande wenye mifereji. Sauti ikinyamaza kwa muda kisha ikarudi, huenda puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Ikiongezeka, mkanda umelegea na unateleza. Lakini maji hunyamazisha mkanda tu, sauti ya beringi haibadiliki. Kwa beringi, fundi mzuri hutoa mkanda, anawasha injini kwa nusu dakika tu, kwa kuwa wota pampu inaweza kuwa haizunguki, halafu anazima na kuzungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuchezacheza ndiyo mbovu. Ukisimama karibu na injini inayozunguka, funga nywele, weka mbali kanzu, mtandio na tai.

Kama mlio unatoka chini ya kiti cha nyuma, sikiliza pampu ya mafuta. Pampu hiyo hupozwa na mafuta yaliyomo ndani ya tangi, kwa hiyo anayetembea kila siku na taa ya mafuta ikiwaka anaifupishia maisha.

Mlio unaofuata magurudumu hudai umakini zaidi. Beringi ya gurudumu huvuma, na ukikata kona kidogo kushoto uzito huhamia kulia. Uvumi ukiongezeka hapo, kwa kawaida beringi ya kulia ndiyo inayokufa. Difu nayo hulia sana ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake. Kama gari lilipita kwenye maji ya mafuriko, mwambie fundi afungue oili ya difu aitazame. Maji huingia kupitia tundu la kupumulia, na oili yenye maji hugeuka rangi kama maziwa. Kuimwaga mapema ni kazi ndogo. Ukingoja meno yasagike, utanunua difu.

Kwenye giaboksi ya otomatiki, pampu ya ndani huzunguka pamoja na injini, hivyo oili ikipungua inaweza kulia hata gari likiwa limesimama. Pima oili kabla ya kukubali kitu kingine chochote. Hapa naomba usikilize kwa makini kama unaendesha Premio, Allion au Vitz za kuanzia 2007: nyingi zina giaboksi ya CVT. Mlio mwembamba na wa wastani kwake ni wa kawaida, ila mlio mpya au unaokua si wa kawaida. CVT haiwekewi oili ya otomatiki ya kawaida. Inahitaji oili yake iliyotajwa na mtengenezaji, na mkanda wa chuma ulio ndani huanza kuteleza ukipewa nyingine. Simama hapo fundi anapomimina, soma kopo mwenyewe.

Ukifika kwa fundi, mweleze ulichokisikia: gari likiwa limesimama au likienda, kona ipi, gia ipi, ukikanyaga au ukiachia. Na kama gurudumu lililopigwa jeki linacheza ukilishika juu na chini na kulisukuma, usiliendeshe gari hilo hata hadi gereji ya jirani. Ita gari la kuvuta.