SOMO LA LEO: KUFUNGUA TENA SIO KUFUNGUA MLANGO TU

Wauzaji wenzangu, tujifunze kwa bustani ya wanyama ya London. Walifunga Machi 2020 sababu ya corona. Wateja hakuna, ila simba bado anataka nyama! Juni 15 wakafungua kwa utaratibu:

1. Tiketi ulikata kwanza mtandaoni, na idadi ilikuwa na kikomo.
2. Njia za kupita zilikuwa za upande mmoja, watu wasigongane.
3. Mabanda ya ndani yakabaki yamefungwa.

Mimi dukani kwangu naitumia hivi: nikirudi baada ya kusimama, natangaza bidhaa chache nilizo na uhakika nazo, naweka kikomo cha oda kwa siku, mteja analipia kwanza.

Simba wako ni kodi na bando, naye hangoji. Wewe utaanza na bidhaa gani?