Swichi ya breki ya mbele: pima kabla ya kununua

Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura, na wenye pikipiki wakabaki pembezoni: Kamenge, Kinama, Kanyosha, barabara ya Gatumba, na ile inayopanda milimani kuelekea Bugarama. Huko, nyuma yako kuna basi au lori, na dereva wake anajua unasimama kwa kuona taa nyekundu ya breki. Kwenye pikipiki nyingi za zamani taa hiyo huwaka ukikanyaga breki ya mguu. Ukibana ya mkono, haiwaki. Na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, maana ukifunga breki uzito hukimbilia gurudumu la mbele.

Wengi huenda moja kwa moja mtaa wa Buyenzi kutafuta swichi mpya. Spea zipo na mafundi wapo, ila mara nyingi swichi ya zamani bado ni nzima.

Washa kwa ufunguo, kanyaga breki ya mguu. Taa ikiwaka, balbu na fyuzi ni vizima, tatizo liko mbele. Isipowaka, achana na usukani kwanza, angalia balbu. Nyingi zina nyuzi mbili ndani, wati 5 za taa ya usiku na wati 21 za breki, hivyo moja yaweza kuwaka huku nyingine imekatika. Ukinunua, hakikisha kama pikipiki yako ni ya volti 6 au 12.

Swichi yenyewe iko chini ya mkono wa breki, upande wa kulia: kidude cha plastiki chenye nyaya mbili na kitufe. Ukiachia breki, mkono hukandamiza kitufe na umeme hukatika. Ukibana, kitufe hutoka na umeme hupita. Ndiyo maana mkono uliopinda, au uliotolewa kwenye pikipiki ya aina nyingine, huacha taa ikiwaka kutwa, betri inaisha na dereva wa nyuma haambiwi kitu.

Sasa chomoa nyaya mbili na uziguse pamoja kidogo tu. Usiache hata mmoja uguse chuma cha pikipiki, fyuzi itaungua. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, waya umekatika njiani, na mahali pa kutazama kwanza ni shingoni, pale nyaya zinapojikunja kila ugeuzapo usukani. Nje waya huonekana mzima. Ndani shaba imekatika. Unganisha upya, funga tepu ya umeme, uache ulegevu wa kutosha kugeuka pande zote mbili.

Swichi iliyojaa vumbi na kutu hupona kwa kusafishwa. Kwenye breki za diski hushikwa na skrubu ndogo. Kwenye breki za kebo mara nyingi huwa na kijino cha kubonyeza kwa msumari mwembamba kupitia tundu, kisha unaivuta. Ukiivuta kwa nguvu utavunja. Bonyeza kitufe mara nyingi, isafishe kwa dawa ya kusafishia umeme, au kwa tone la petroli, mbali na moto, na ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme. Usitie grisi ndani.

Fundi akikuambia aunganishe nyaya moja kwa moja ili taa iwake daima, kataa. Hiyo si taa ya breki tena.

Ikibidi ununue mpya, nenda na ya zamani mkononi ulinganishe umbo na urefu wa kitufe. Nyaya zake hazina chanya wala hasi, upande wowote sawa. Ukishafunga, bana breki polepole: taa iwake kabla breki haijaanza kushika. Kisha geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku umebana. Ikizimika upande mmoja, rudi shingoni.