Matengenezo ya Motokaa Kuukuu kabla ya Mashindano ya Mbali

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 2003 yamekuwako pia mashindano ya magari ya kale tu, na njia yake ni ya kilometa elfu kadhaa, sehemu kubwa ikiwa vumbi, mawe na matope. Leo hatutaki kueleza habari za mbio zenyewe. Twataka kueleza kazi ifanyikayo nyumbani, bandani au chini ya mwembe, miezi mingi kabla bendera haijashushwa. Maana kitu kikatikacho porini mara nyingi kilikwisha kuanza kuharibika nyumbani, nacho kingaliweza kuonwa na mtu mwenye taa na subira.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, na yaliyomaliza ni 7 tu. Miaka miwili baadaye, yaani 1965, alishinda Joginder Singh wa Kenya pamoja na nduguye Jaswant. Motokaa yao, Volvo PV544, haikuwa mpya: ilikuwa imekwisha kuendeshwa na mtu mwingine katika Safari ya mwaka 1964. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla hajawa mshindani mwenye sifa. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu asikate tamaa, wala asikimbilie kuongeza nguvu za injini, kama wafanyavyo vijana wengi. Nguvu zikiongezwa juu ya breki mbovu, hazitamfikisha popote.

Kwanza, usalama wa fundi mwenyewe. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, kwa kuwa tofali hupasuka ghafula bila kuonya. Yapasa kutumia vigingi vya chuma vilivyofanywa kwa kazi hiyo, juu ya ardhi ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma. Tena injini isiwashwe katika banda lililofungwa. Moshi wake huua, na anayeuvuta huanza kusinzia kabla hajatambua hatari.

Sasa breki. Hapa twawaomba wasomaji wasisome kwa haraka. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata yakiwa ndani ya gari lisilotembea. Gari likishuka mteremko mrefu, breki hupata moto sana, na mafuta yenye maji huchemka upesi kuliko mafuta safi. Yakichemka hutoa mvuke. Na mvuke hubanika, mafuta hayabaniki. Ndipo dereva akanyagapo pedeli ikashuka mpaka chini, na gari lisisimame. Gari lililokaa miaka bandani litolewe mafuta yote ya zamani, na mabomba ya mpira yabadilishwe, hata yakionekana mazima kwa nje, kwa sababu mpira hufura kwa ndani ukaziba njia.

Kutoa hewa katika breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa ndani, akakanyaga pedeli na kuishikilia. Mwenzake hufungua nati ndogo iliyo nyuma ya gurudumu, yenye kibomba kilichotumbukizwa katika chupa ya mafuta, akaifunga kabla wa ndani hajainua mguu. Wasemezane kwa sauti: “Kanyaga!” “Nimeshika!” “Inua!” Katika magari mengi ya kale huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Wakome mapovu yakiisha na pedeli ikiwa ngumu. Wajihadhari pia mafuta hayo yasimwagikie rangi ya gari, maana huila.

Baada ya breki ni maji. Rejeta ya zamani hujaa kutu na matope, nayo hupoza nusu ya kazi yake. Isafishwe, na mipira yake ibinywe kwa mkono: iliyo laini mno au yenye nyufa itupwe. Mfuniko usifunguliwe injini ingali moto. Tangi la petroli nalo huwa na kutu chini. Kutu hiyo hulala kimya mjini, lakini mitikisiko ya barabara mbovu huiamsha ikaziba kabureta. Heri kulitoa tangi zima na kuliosha. Chujio la hewa liwe jipya, na viungo vyake visiache nafasi, kwa kuwa vumbi la barabara zetu likiingia injini husaga silinda kama jiwe la kunolea.

Matairi yasihukumiwe kwa meno peke yake. Tairi la zamani laweza kuwa na meno marefu na huku ubavu umepasuka kwa uzee. Yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Taa, waya na betri sharti vitazamwe pia, na betri ifungwe imara.

Matengenezo yote yaishe majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kisha gari lipakiwe mzigo uleule litakaobeba, pamoja na akiba ya mipira, mikanda na plagi, likaendeshwe kilometa mia au zaidi katika njia mbovu. Likirudi, nati zote za magurudumu na za springi zikazwe upya, na kila jambo liandikwe katika daftari. Gazeti safi litandikwe chini ya injini usiku kucha. Asubuhi tone likionekana, na litafutwe litokako kabla ya kuongeza mafuta mengine.