Wageni wananunua viwanja, sisi tujenge wapi?

*Mimi ni kijana wa kijijini, mkoani Pwani. Watu wa mjini wananunua viwanja kwa bei tusizozimudu. Nitajenga wapi?*

Jibu: Pole, ndugu yangu. Barabara ikifika kijijini, bei ya ardhi hukiacha mbali kipato cha mkulima. Lakini kununua si njia pekee. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakuruhusu wewe mwanakijiji kuomba ardhi kwa Halmashauri ya Kijiji, nayo yapaswa kuamua ndani ya siku 90. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hudhurieni, mdai eneo la makazi ya vijana litengwe. Ukipewa, omba hatimiliki ya kimila. Ukizungushwa au ardhi ikiuzwa kinyemela, nenda mapema kwa ofisa ardhi wa wilaya.