Homa Bay na Migori: Nchi, Historia na Hesabu ya Watu

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2019 watu wote wa Kenya walihesabiwa. Katika kaunti mbili za pembe ya kusini-magharibi, Homa Bay ilionekana kuwa na watu 1,131,950, na jirani yake Migori watu 1,116,436. Tofauti ni watu 15,514 tu. Lakini msomaji akiitazama ramani ataona kwamba nchi hizo mbili hazilingani kwa ukubwa. Ardhi ya Homa Bay ni kilomita za mraba zipatazo 3,150, na ya Migori zipatazo 2,610. Basi katika kila kilomita moja ya mraba Homa Bay wamo watu kama 360, na Migori kama 430. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka wa 2009, hapana hata moja ya kaunti hizo iliyotimiza watu milioni moja.

Hesabu za namna hii ni za wastani, na wastani huficha mengi. Ziko sehemu ambako nyumba zimekaribiana hata mtu aweza kumwita jirani yake bila ya kupaza sauti, na ziko sehemu ambako hapana nyumba kabisa. Sababu zake ni za ardhi, na mvua, na magonjwa, na mistari iliyochorwa na watu waliokuwa mbali.

Upande wa kaskazini wa Homa Bay ni ghuba ya Winam, na upande wa magharibi ni Ziwa Victoria lenyewe, ambalo uso wake u juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,134. Karibu na pwani ya ghuba unasimama mlima Homa, ambao zamani sana ulikuwa mlima wa moto. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima, lililokaa ndani ya shimo la volkano. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji, na watu wake walikuwa katika karamu walipomfukuza bikizee mmoja aliyeomba hifadhi. Maji yakakimeza kijiji usiku ule. Wataalamu wa miamba wana maelezo yao, lakini watoto wa Karachuonyo huyajua kwanza yale ya bikizee. Kusini zaidi ni vilima vya Gwassi, vyenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, na mbele yake visiwa vya Rusinga na Mfangano.

Mvua haikugawanywa sawasawa. Sehemu za juu za mashariki, yaani Kasipul, Kabondo, Rongo na Awendo, pamoja na nchi ya Wakuria, hupata mvua ya kutosha, na huko watu wamejaa. Viazi vitamu vya Kabondo vinajulikana sokoni hata mbali. Pwani ya Karungu na tambarare ya Nyatike ni kavu, nako watu ni wachache zaidi. Hata hivyo Nyatike hupatwa na mafuriko, kwa kuwa mto Kuja hushuka kutoka vilima vya Kisii, ukakutana na mto Migori kabla ya kuingia ziwani. Mvua hunyesha kwa wengine, na maji huzivunja nyumba za watu wa chini.

Kwamba nchi hii ilikaliwa zamani, mawe yashuhudia. Huko Nyatike, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa yapata karne ya 16 kwa mawe matupu, bila ya udongo wala chokaa. Pengine kimo chake ni mita moja na nusu, pengine hufika mita nne na nusu. Milango ni mifinyu na mifupi, hata mgeni hana budi kuinama aingiapo, na mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Ndani yake walikaa watu na ng'ombe wao. Wajaluo, ambao wazee wao walitoka kaskazini wakapita Uganda, walivuka ghuba na kuenea kusini hasa katika karne ya 18. Walizikuta kuta hizo, wakazikalia na kuzitengeneza. Mwaka wa 2018 shirika la UNESCO liliziandika kuta za Thimlich katika orodha ya urithi wa dunia.

Wasuba wa visiwani na Gwassi wana habari nyingine. Kwa masimulizi yao wenyewe, wazee wao walikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga, na lugha yao ni ya Kibantu. Walioana na Wajaluo, wakafanya biashara nao, na watoto wakajifunza maneno ya mama zao. Kisha likaja jambo lililoongeza nguvu za Kijaluo. Mwaka wa 1906 mmisionari Arthur Carscallen, wa kanisa la Waadventista, alifika Gendia karibu na Kendu Bay, akajifunza Kijaluo, na baadaye mtambo wa kupiga chapa ukawekwa hapo hapo. Lugha yenye vitabu huishinda isiyo navyo. Mwaka wa 2019 watu zaidi ya laki moja na nusu walijiandikisha kuwa Wasuba, lakini wengi wao nyumbani husema Kijaluo, na wanaokijua Kisuba vizuri ni wazee hasa. Kwa hiyo hesabu yaweza kuonyesha kabila linaongezeka huku lugha yake inakwisha.

Wakuria, walioko kusini mwa Migori, walipatwa na msiba wa namna nyingine. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mstari wa mpaka, ambao mwisho wake wa magharibi ni pale latitudo ya digrii moja kusini ikutanapo na ziwa. Hapana Mkuria aliyeulizwa. Mpaka huo ndio wa Kenya na Tanzania mpaka leo: ndugu mmoja huhesabiwa Kehancha, na mwingine huhesabiwa Tarime.

Lakini asiyejua habari za bonde la Lambwe hajaijua nchi hii. Bonde hili liko kati ya vilima vya Gwassi na mabonde ya Ndhiwa, na udongo wake ni mzuri. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 malale yalienea kando ya Ziwa Victoria, na katika Uganda peke yake watu wapatao 250,000 walikufa. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Akimuuma mtu humtia malale, na akiuma ng'ombe huwatia nagana. Watu wakihama, vichaka huota penye mashamba, na kichaka ndicho nyumba ya mbung'o. Basi kadiri watu walivyolikimbia bonde, ndivyo inzi alivyozidi kulimiliki.

Baada ya uhuru vichaka vilikatwa, dawa zikapulizwa, na watu wakagawiwa mashamba. Mwaka wa 1966 sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka wa 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120. Malale yalirudi tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakaugua. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, yenye dawa ndani yake, ilisaidia sana, kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi hizo. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya.

Aliyefaidika na mbung'o, kama yuko, ni korongo, yule paa mkubwa mwenye uso wa madoa meusi na meupe, ambaye katika Kenya amesalia Ruma tu. Inzi aliwazuia wakulima wasilimalize pori lake. Inzi alipopungua, mashamba yakasogea mpaka kwenye uzio, na mitego ya waya ikaingia ndani. Korongo wakapungua hata walinzi waweza kuwahesabu mmoja mmoja. Nje ya uzio watu wa Lambwe hulima mahindi na mtama katika ardhi ambayo babu zao waliihama, na mzee mwenye wana watano huwagawia shamba ambalo yeye alipewa peke yake.